Linux kwenye diski ya nje, na Windows ya shemeji isiguswe

*"Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari. Nimeanza kozi ya uchambuzi wa takwimu kwa njia ya mtandao na mkufunzi anasisitiza tutumie mfumo endeshi wa Linux, si Windows. Nyumbani tuna kompyuta moja tu, HP ya mume wangu (Windows 11, RAM GB 8, SSD ya GB 256), na humo ndimo zilimo hesabu zote za duka lake. Ameniruhusu kuitumia usiku kwa sharti moja: Windows yake isiguswe. Nimesikia mtu anaweza kuweka Linux kwenye flashi na kuiendesha kutoka humo, nami ninayo flashi ya GB 64. Fundi wa mtaani kwetu anasema mambo hayo yanaua mazabodi. Mwenzangu kazini alijaribu. Siku alipochomoa flashi kompyuta ilikataa kuwaka, ikabaki skrini nyeusi imeandikwa 'grub'. Fundi akampigia Windows upya na vitu vyake vyote vikaenda. Je, inawezekana kweli bila kuhatarisha ndoa yangu?"*

Dada yangu, inawezekana, na ndoa itapona. Ila naona hofu umeiweka kwenye mazabodi (sakiti kuu ya kompyuta), ambako hakuna hatari, wakati kilichomponza mwenzako ni kitu kingine ambacho hata fundi wake hakukitambua. La mazabodi tulimalize haraka. Fundi huyo anapompigia mteja Windows hufanyaje? Huchomeka flashi, huwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na programu nzima ya usakinishaji huendeshwa kutoka humo. Hicho hicho ndicho unachotaka kukifanya wewe. Kingekuwa kinaua mazabodi, mtaani kwenu kusingebaki kompyuta hata moja.

Sasa ya mwenzako. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, anayeamka kwanza si Windows. Ni programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mazabodi, iitwayo UEFI, ingawa mafundi wengi bado wanaiita BIOS. Yenyewe ina orodha fupi: jaribu faili hili, likikosekana jaribu lile. Mafaili hayo hukaa kwenye patisheni (kipande cha diski kilichotengwa) ndogo iliyofichwa, patisheni ya EFI, ambayo kwenye kompyuta nyingi za Windows ina MB 100 tu na huioni ukifungua diski zako kwa kawaida. Humo ndimo alimo mwamshaji wa Windows. UEFI humwamsha yeye, naye huiamsha Windows. Linux nayo ina mwamshaji wake, anaitwa GRUB, na ndiye aliyekuwa akimtolea macho mwenzako kwenye ile skrini nyeusi.

Ubuntu na Linux Mint ni aina mbili za Linux. Kisakinishi kilichotumiwa na Ubuntu kwa miaka mingi, ambacho Linux Mint imeendelea kukitumia, kina kasoro iliyoripotiwa tangu 2014. Unakiambia waziwazi: mweke GRUB kwenye diski ya nje. Kinaitikia, halafu kinamweka kwenye patisheni ya EFI ya kwanza kinayokutana nayo, na ya kwanza kwa kawaida ni ile ya diski ya ndani. Matokeo yake ni kama mtu aliyejenga nyumba Kibaha na mlango akaupachika Kariakoo. Diski ya nje ikiwa imechomekwa huoni tofauti yoyote. Siku ukiichomoa, GRUB anaamka ndani ya kompyuta, anaitafuta Linux yake, haioni, anabaki ameduwaa na neno lake "grub>" akisubiri amri.

Hapo Windows haijafutika, na hili ndilo linaloniuma katika habari ya mwenzako. Niliwahi kuletewa kompyuta ya namna hiyo na mama mmoja ambaye tayari alishatajiwa bei ya kupigiwa Windows upya. Niliizima, nikaiwasha huku nikigongagonga F9, ikaja orodha ya vitu vinavyoweza kuwashwa: wa juu "ubuntu", wa chini yake "Windows Boot Manager". Nikashuka hatua moja, nikabonyeza Enter. Ikaja picha ya wajukuu zake na kisanduku cha nywila. Mama akaniangalia kama nimemfanyia mazingaombwe. Kilichobaki kilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya UEFI na kumrudisha Windows kuwa wa kwanza kwenye orodha. Mwenzako alipoteza vitu vyake kwa sababu ya tiba, ugonjwa wenyewe ulikuwa mafua.

Kwa hiyo swali lako halisi ni namna ya kuhakikisha GRUB anabaki nje pamoja na Linux yake. Nitalijibu, lakini kwanza tuzungumze kuhusu flashi yako.

Watu wanaposema "Linux kwenye flashi" huwa wanachanganya vitu viwili au vitatu. Kuna flashi ya majaribio: unaandika faili la Linux Mint juu yake kwa programu kama Rufus, unawasha, unatumia, ukizima kila kitu ulichofanya kinapotea. Kuna ile ile ya majaribio iliyoongezewa nafasi ya kuhifadhi mabadiliko. Inafaa kwa siku chache, ila masasisho makubwa huivuruga. Halafu kuna usakinishaji kamili, ambapo diski ya nje inakuwa makazi ya Linux sawasawa na diski ya ndani ilivyo makazi ya Windows. Kwa kozi ya miezi kadhaa unahitaji huu wa mwisho, na hapo ndipo flashi ya kawaida inapokuangusha.

Wewe ni mwalimu, utanielewa kwa mfano wa ubao. Chukulia ubao usioweza kufutwa neno moja moja. Ukitaka kubadilisha neno, lazima unakili ubao mzima pembeni, uufute wote, kisha uandike upya pamoja na hilo neno jipya. Chipu zinazohifadhi data kwenye flashi na kwenye SSD (diski ya chipu, isiyo na sehemu inayozunguka) zote zina tabia hiyo. Tofauti ni kwamba SSD ina mbao nyingi za akiba na ina kiranja hodari: neno jipya analiandika kwenye ubao uliokwisha kufutwa, anakumbuka alikoliweka, na usafi anaufanya baadaye darasa likiwa limetulia. Pia huhakikisha ubao mmoja haufutwi mara nyingi kuliko mingine, maana kila ubao una idadi ya kufutwa kabla haujachakaa. Kiranja wa flashi ya bei nafuu ni mzembe. Ukimpa filamu moja ndefu anaimudu, kwa kuwa anaandika mfululizo. Mfumo endeshi hauandiki hivyo. Unaandika vijineno vidogo vidogo vya KB 4, mamia kwa mamia, hapa kumbukumbu ya kivinjari, pale kumbukumbu ya matukio, kule sasisho. Kompyuta inaganda. Unabofya Firefox, unaenda kuchemsha chai, unarudi ndiyo kwanza dirisha linafunguka.

Mimi mwenyewe niliendesha Mint kwenye flashi ya GB 32 kwa ubishi wa ujana. Mwezi wa nne flashi ikajifunga: inasomeka, haiandikiki. Nilishukuru kwamba angalau ilisomeka.

Ushauri wangu ni kwamba flashi yako ibaki kuwa kifaa cha kusakinishia, na ununue SSD ya nje ya GB 240 hivi kuwa makazi. Linux Mint inahitaji angalau GB 20, na wenyewe wanapendekeza 100 ili uishi kwa raha. Si lazima iwe ile inayouzwa tayari kwenye kasha lake. SSD yenye muunganisho wa SATA iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa, ukaitia kwenye kikasha cha USB 3.0, itakufaa vizuri. Diski ya kuzunguka ya zamani nayo itafanya kazi, ila utaiona uzito wake kila unapofungua kitu. Angalia tundu pia: USB 2.0 ina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0 inafika gigabiti 5, na matundu ya 3.0 mara nyingi yana rangi ya buluu ndani au alama ya SS pembeni. SSD nzuri kwenye tundu la 2.0 ni basi la mkoani lililokwama kwenye foleni.

Na ukiona "SSD" ya TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana, ipite. Nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Inapokea mafaili yako yote bila kulalamika, lakini yaliyozidi uwezo wake halisi hayapo. Ukiyafungua ni matupu. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza diski nzima kisha huisoma yote upya kuona kama ilichoandikiwa ndicho ilichonacho. Ijaribu kabla ya risiti ya dukani kupotea.

Kabla ya kununua chochote, tumia flashi yako kwa majaribio usiku mmoja. Nakili kwanza vilivyomo, kwa sababu Rufus itaifuta. Rufus haisakinishwi, inafunguliwa tu ikafanya kazi, kwa hiyo hata ukiitumia kwenye kompyuta ya shemeji haiachi mzigo. Ukitaka kulishika sharti lake kwa ukali zaidi, omba kompyuta ya shuleni. Kisha chagua Restart, usichague Shut down. Windows ya siku hizi ukiizima kwa Shut down mara nyingi hailali kabisa, hubaki nusu usingizini ili kesho iwahi kuamka, na hali hiyo huvuruga mambo. Inapowaka upya gonga Esc kisha F9, ambavyo ndivyo vitufe vya HP. Dell na Lenovo ni F12. Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokataa mfumo usio na saini) iache ilivyo, Mint na Ubuntu zina saini inayokubalika. Ukishaingia jaribu Wi-Fi, sauti, na mwanga wa skrini. Kama Wi-Fi haionekani, unganisha simu kwa waya wa USB na umegee intaneti kutoka humo. Ni bora ujue tatizo hilo sasa kuliko baada ya kununua diski.

Jambo moja la shemeji lazima ulifanye kabla hujagusa hata hicho kitufe cha F9. Kompyuta nyingi za Windows 11 zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha kitu kwenye mipangilio ya UEFI, Windows inaweza kushtuka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa kompyuta. Mwombe aingie kwenye akaunti yake, autafute, auandike kwenye daftari la duka. Na hesabu za duka zinakiliwe kwenye flashi nyingine au diski nyingine kabla ya yote. Hili angepaswa kulifanya hata kama wewe usingekuwapo.

Tukirudi kwa GRUB, njia ninayokupendekezea ni ya bisibisi: diski ya ndani ichomolewe kabla ya kusakinisha. Kisakinishi hakiwezi kumweka GRUB kwenye diski isiyokuwepo. Kwenye HP nyingi SSD ni kipande chembamba kama bazoka ya kutafuna, kimeshikwa na skrubu moja, chini ya mfuniko wa nyuma. Na baadhi ya skrubu za mfuniko hufichwa chini ya vile vipande vya raba. Waya wa betri huchomolewa kwanza. Faida ya pili ya njia hii ni kubwa kuliko inavyoonekana: kisakinishi kikikuuliza kama kifute diski nzima, unajibu ndiyo kwa moyo mweupe, ukiangalia tu kwamba iliyotajwa ni SSD yako ya nje, kwa kuwa diski ya duka iko mezani imefungwa kwenye karatasi. Pale pale weka alama ya kufunga diski kwa nywila, LUKS. Diski inayobebwa kwenye pochi na daladala ipo siku itasahaulika kwenye kiti, na sidhani ungependa matokeo ya wanafunzi wako yasomwe na kondakta.

Ipo njia isiyohitaji bisibisi. Ukiwa kwenye Linux ya majaribio unafungua GParted, programu ya kupanga patisheni, unaitafuta patisheni ya EFI ya diski ya ndani, unaondoa alama zake mbili, "boot" na "esp", kisha unasakinisha, ukimaliza unazirudisha. Kisakinishi kinadanganyika kwamba ndani hakuna patisheni ya EFI. Njia hii nimeitumia mara nyingi na haijanitupa. Hata hivyo kwa hali yako siipendi. Ukikosea patisheni, au ukisahau kuzirudisha alama, Windows inaweza kugoma kuwaka asubuhi na mwenye duka yuko mlangoni na funguo mkononi.

Usakinishaji ukiisha na diski ya ndani ikarudishwa mahali pake, mambo ni rahisi. SSD ya nje ikiwa haijachomekwa, kompyuta inaingia Windows kama kawaida. Ikichomekwa, unagonga F9 na kuichagua. Usishangae Mint yako ikijitambulisha kwa jina "ubuntu", ndivyo ilivyo. Kwenye kompyuta nyingine UEFI huwa inatafuta faili lenye jina maalumu, BOOTX64.EFI, kwenye folda EFI/BOOT ya diski yoyote ngeni. Ikiwa kompyuta ya shuleni haitaiona diski yako, washa Linux nyumbani na uendeshe `sudo grub-install --removable`. Amri hiyo humweka GRUB pale pale panapotafutwa.

Ukiwa ndani ya Linux utaiona diski ya shemeji ikijitokeza pembeni. Kama ina BitLocker itadai ufunguo, usiutie. Kama haina, itafunguka kwa kubofya tu, nawe usiibofye. Mfumo wa Linux hauandiki huko wenyewe. Mkono wa mtu ndio unaofuta mafaili.

Waya ndio adui yako wa kila siku. Diski ikichomoka Linux ikiwa inaendeshwa, skrini haizimiki mara moja. Vilivyokuwa tayari kwenye RAM vinaendelea kwa dakika moja mbili, unadhani umenusurika, kisha kila unachobofya kinakurudishia kosa. Tumia waya mfupi unaobana vizuri, na uibandike SSD nyuma ya skrini kwa gundi ya velkro ili isivutwe mtoto anapopita. Na kazi za kozi zinakiliwe mahali pengine kila wiki.

Niwe mkweli pia kuhusu njia ambayo hukuiuliza. Kama kozi inahitaji lugha za programu za Python na R na mstari wa amri tu, Windows 11 ina WSL, Linux inayoishi ndani ya Windows, na inasakinishwa kwa amri moja, `wsl --install`. Haihitaji diski wala F9, na RAM GB 8 inaitosha. Kwa mwenye kompyuta yake mwenyewe ningesema anzia hapo. Kwako inavunja sharti, kwa sababu inasakinishwa ndani ya Windows ya shemeji na kula nafasi ya diski yake. Zungumzeni, akiridhia, umeokoa fedha ya SSD.

Fundi mtafute kwa kazi ya kufungua mfuniko kama hujawahi kushika bisibisi ya kompyuta, na ukae naye mezani hadi amalize. Mwambie hivi: nichomolee diski ya ndani, niachie niendelee, nitarudi uirudishe. Akikuambia diski imechomelewa kwenye mazabodi, kama ilivyo kwenye baadhi ya mashine za bei nafuu, basi tumia njia ya GParted na mtu aliyewahi kuifanya akiwa kando yako. Ukikutana na skrini ya buluu inayodai ufunguo wa BitLocker na ufunguo haupo, zima, usimruhusu mtu yeyote aguse hadi mwenye akaunti apatikane. Anayekuambia "nafomati tu" anazungumzia hesabu za duka. Na diski yoyote ikianza kutoweka na kurudi, au ya kuzunguka ikianza kugonga, usiendelee kuijaribu nyumbani, mpelekee anayeokoa data ikiwa bado ina uhai.

Limebaki dogo ambalo ndilo litakalokufanya ukamatwe. Saa ya mazabodi Windows huisoma kama saa ya hapa kwetu, na Linux huiandika kama saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Utasoma usiku, utazima, na asubuhi shemeji atauza sukari saa nne kamili na risiti itatoka imeandikwa 07:00. Endesha amri hii mara moja ndani ya Linux: `timedatectl set-local-rtc 1`. Itakuonya kwamba mpangilio huo una matatizo kwenye nchi zinazosogeza saa majira yakibadilika. Sisi hatusogezi, kwa hiyo onyo lipite.